"Wewe amua tu": mchezaji naye ana wajibu gani mezani?

Mleta mada (Kibokoni)

Salaam nyote. Kwa miaka mitatu nimesimamia mchezo wa kuigiza wahusika darini kwenye nyumba moja ya Kibokoni, Mombasa, kila Jumamosi baada ya isha, na jambo ninalolileta leo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Kwa asiyeujua mchezo huu: watu wanne au watano hukaa pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mmoja wao, ambaye sisi humwita msimamizi, hueleza mahali walipo na yanayotokea, huwasemea watu wote wasio na mchezaji wa kuwasemea, na huamua ni lini mambo yaachiwe dadu. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. Maelezo hayo hueleweka haraka, lakini hayasemi nani anabeba nini pale mchezo unapokwama.

Hadithi yetu ya sasa inatokea hapa hapa kisiwani, wakati Waomani walipoizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wahusika wote wanne wamo ndani ya ngome, chakula kimepungua, na maradhi yanawamaliza watu kuliko mizinga. Jumamosi hiyo nilikuwa nimejitayarisha kwa saa sita. Nilichora kuta kwa penseli, nikaandika majina ya askari na watumishi, nikafikiria hata upepo unavuma kutoka wapi. Nikasimulia: ni usiku wa manane, jahazi lisilo na taa linaingia mlango wa bahari, mtu aliyemo ndani yake anapiga mbinja mara tatu, kisha kimya. Nikauliza, "Mnafanya nini?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja aliinua simu akaiangalia. Mwingine aliizungusha dadu yake ya pande ishirini juu ya mkeka kwa vidole viwili, kama pia, na sote tukaitazama mpaka ikalala. Ilionyesha 17, na haikuwa imerushwa kwa ajili ya chochote. Hatimaye mkongwe wetu, ambaye ninamheshimu kuliko wote pale darini, akasema kwa upole, "Wewe amua tu, ndugu yangu, sisi tuko nawe."

Aliyasema kwa heshima, na ndiyo maana yakanichoma. Walipoondoka nilikusanya vikombe vya kahawa nikakuta karatasi ya mhusika wake imebaki mkekani. Mahali palipoandikwa "jamaa na watu wa karibu" palikuwa peupe kabisa, na mhusika yule tumekuwa naye kwa miezi kumi na minne.

Nakiri kwamba kosa la kwanza ni langu. Kila waliposita niliwajibia, na kila walipochagua njia ambayo sikuitayarisha niliwarudisha taratibu kwenye ile niliyoichora, kwa sababu niliionea huruma kazi yangu ya saa sita. Mtu anayerudishwa barabarani kila akipinda kona, mwishowe huacha kupinda. Hata hivyo sidhani kwamba lawama yote ni yangu, kwa kuwa ile nafasi tupu kwenye karatasi sikuiacha mimi.

Ninachokiona sasa ni kwamba kila swali linaloulizwa mezani lina mwenyewe, na mchezo hukwama swali linapopelekwa kwa asiyekuwa wake. Jahazi lile ni la nani, na limebeba nini? Hilo ni langu, na nikilijibu ovyo nimewadanganya wenzangu. Je, mtashuka ukutani kwa kamba au mtamwamsha nahodha? Hilo ni lenu, na mimi sina ruhusa ya kulijibu hata mkiniomba. Je, kamba itashika? Tuiulize dadu. Mhusika wako ana ndugu mjini, upande wa pili wa ukuta, na walipoachana mara ya mwisho waliagana au waligombana? Hilo ni lako peke yako, na ukilinyamazia hakuna mtu mwingine anayeweza kukujibia bila kumfanya mhusika wako kuwa wake.

Naomba mawazo ya waliokaa upande wowote wa mkeka, hasa wachezaji, kwa kuwa sisi wasimamizi tumezoea kuzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Mdau wa Likoni

Ndugu yangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimekuelewa, lakini naomba uusikie upande wangu. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Nasimama kwenye foleni ya feri, navuka, naoga, nala, navuka tena kurudi kisiwani ili nifike ninakochezea na wenzangu. Kufika kwangu ni wajibu nilioutimiza tayari. Nikikaa mkekani nataka kusikia hadithi nzuri, kurusha dadu mara chache, kucheka na wenzangu, na kurudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Ukiniambia kwamba nilipaswa pia kuandika historia ya ukoo wa mhusika wangu, umeniongezea kazi juu ya kazi.

Isitoshe, msimamizi alichagua mwenyewe kuwa msimamizi. Anapenda kuchora ramani na kubuni majina; angechora hata kama hatukuja. Mwenye karamu akishaalika watu, hawaambii wageni waingie jikoni wakamenye vitunguu.

Mleta mada (Kibokoni)

Kakangu, asante kwa kusema wazi. Umenigusa hasa kwa hayo ya foleni ya feri, kwa sababu mimi nakaa hatua chache tu kutoka mkekani na sikuwahi kuhesabu safari ya mwenzangu kuwa sehemu ya mchango wake. Nimekosea hapo.

Lakini mfano wako wa karamu unanipa nguvu mimi. Harusi ya hapa kwetu hupikwa na nani? Wanaokula pilau Ijumaa ndio waliokuja Alhamisi kuchambua mchele na kumenya vitunguu thaumu, na aliyefika akala akaondoka bila kushika chochote hujulikana. Hakuna anayelalamika kwamba mchele ule ulimharibia harusi. Wengi watakwambia kwamba utamu wenyewe ulikuwa usiku ule wa kuchambua.

Sikutaka uandike ukoo mzima. Sentensi moja inatosha, na ukichoka, kusema "leo nimechoka, nitafuata uamuzi wa wenzangu" ni jibu kamili. Linanijulisha kuwa niwageukie wengine. Lililonishinda usiku ule ni kutokujua kama wamechoka, wamechukia, wanaogopa kukosea, au hawaioni hadithi yenyewe.

Mdau wa Tudor

Nimekuwa mchezaji kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa msimamizi, na nadhani mzigo huu wote kumwangukia mtu mmoja una historia yake.

Kazi ya msimamizi ilianzia kwa mwamuzi wa michezo ya vita. Katika mchezo ambao ofisa aitwaye Reisswitz aliupeleka kwa jeshi la Prussia mwaka 1824, maofisa wa pande mbili walitoa amri zao, na mwamuzi ndiye aliyejua vikosi vyote viko wapi na kuamua nini kimetokea. Kuburudisha watu hakukuwa kazi yake. Alitunza yaliyofichika na kuhukumu kwa haki. Mipango, tamaa na ujasiri vilikuwa juu ya wachezaji. Hata vijitabu vya kwanza vya Dungeons & Dragons vya mwaka 1974, mchezo wa kwanza wa aina yetu kuchapishwa, vilimwita msimamizi mwamuzi. Haya ya kumdai atunge hadithi, aigize sauti kumi, aandae ramani, akumbuke kanuni za kila mtu, apange tarehe na kuwapigia watu simu kuwakumbusha, yameongezeka baadaye, moja baada ya jingine, na hakuna aliyekaa kitako kuuliza kama ni haki.

Kuna tukio moja ninalolipenda. Mwaka 1969, huko Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita uitwao Braunstein, akampa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwigiza na shabaha yake mwenyewe. Wachezaji wakaanza kupanga mambo wao kwa wao, mambo yakamtoka Wesely mikononi, na mwisho wake aliamini kwamba ameshindwa. Wenzake wakamwomba aandae tena. Dave Arneson alikuwa katika kundi lile, na ndiye aliyeshirikiana na Gary Gygax kuitoa Dungeons & Dragons. Kwa hiyo mchezo huu ulizaliwa siku ambayo wachezaji walikataa kusubiri kuambiwa wafanye nini.

Ndugu mleta mada, wazo lako la kila swali kuwa na mwenyewe limeandikwa ndani ya kanuni za baadhi ya michezo. Katika Blades in the Dark ya John Harper, mchezaji ndiye anayechagua mhusika wake anatumia ustadi gani, iwe ni kunyemelea au kutisha watu, na msimamizi hawezi kumwambia kwamba amechagua vibaya. Msimamizi yeye husema hatari ni kubwa kiasi gani na jambo likifaulu litafika wapi. Wote wawili wanazungumza kabla ya dadu kurushwa, kila mmoja akisimama kwenye eneo lake. Katika Apocalypse World ya mwaka 2010 msimamizi harushi dadu hata mara moja, na ameagizwa awaulize wachezaji maswali kisha ajenge juu ya majibu yao. Mchezaji akirusha dadu mbili akapata jumla ya kati ya 7 na 9, anafaulu kwa gharama, na mara nyingi ni yeye anayechagua alipe nini. Mchezaji aliyejichagulia hasara haitupi simu yake mkekani na kusema ameonewa. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na kuhusu tarehe: Ben Robbins aliendesha hadithi yake iitwayo West Marches kwa kuligeuza jambo lote. Wachezaji ndio waliokubaliana siku, ndio waliochagua nani anakwenda na wanaelekea wapi, kisha wakamjulisha msimamizi. Kundi letu la Tudor limefuata utaratibu huo tangu mwaka jana, na simu za kukumbushana zimenitoka mikononi. Tunacheza mara chache zaidi kuliko zamani, sifichi, lakini kila anayekuja anajua amekuja kufanya nini.

Mdau wa Mji wa Kale

Wanangu, mimi ni mtu mzima na dadu hizi za pande nyingi nimezijua uzeeni kwa sababu ya wajukuu. Lakini hilo mnalojadili tulilelewa nalo. Bibi akikaa kutamba ngano husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Tukinyamaza, haanzi. Husema tena, na kama jibu ni la kivivu hutuambia tukalale. Jibu letu lilikuwa ndiyo ruhusa ya hadithi kuendelea, na kila mtoto alijua kwamba kunyamaza kwake kunaweza kuwanyima wenzake.

Hata hivyo tusipite mpaka. Watoto hujibu "Pakawa", lakini ngano hubaki ya bibi. Hatukumkatiza kumwambia fisi afanye nini. Nasema hivi kwa sababu mjukuu wangu alitusimamia hadithi ya uchunguzi: tajiri mmoja wa Kilindini ameuawa, nasi tumtafute muuaji. Katikati ya mchezo, kwa nia njema ya kushirikisha watu, akatugeukia akauliza, "Nyinyi mnadhani nani alimwua?" Tukamtaja mtu, naye akasema ndiye. Nilihisi kama nimekuwa nikivuta nyavu kumbe baharini hamna samaki. Alama zote tulizokusanya kwa saa mbili zikawa hazina maana, kwa sababu ukweli haukuwepo kabla hatujautafuta.

Kwa hiyo mwanangu wa Kibokoni, kile ambacho wachezaji wanakitafuta lazima kiwe mikononi mwako, kimeamuliwa na kimefichwa, na usikiuze kwa sababu ya aibu ya kukaa kimya. Waulize yale ambayo wahusika wao tayari wanayajua: majina ya jirani zao, madeni yao, harufu ya jiko la mama. Wasichokijua usiwaulize.

Nitaongeza moja. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ya kujibizana. Katika kujibizana, anayejibu huushika mzani na kina alichopewa, kisha ndani yake husema la kwake. Mchezaji mzuri namfananisha na huyo. Anapokea alicholetewa na msimamizi kama kilivyo, hakivunji, halafu anakirudisha kikiwa kizito zaidi.

Mdau wa Mtongwe

Naomba kugusa upande ambao haujaguswa. Kuna wajibu wa kuangaliana.

Mwaka juzi nilikuwa msimamizi, nikasimulia chombo kilichojaa watu kikipinduka karibu na ufuko. Nilisimulia vizuri, kwa kirefu, na nilijivunia maneno yangu. Mchezaji mmoja, dada mkimya, aliinuka akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi. Nilikuja kujua siku iliyofuata kwamba familia yake ilipoteza mtu feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994, ajali iliyoua watu 272. Mimi ni wa Mtongwe. Hapa kwetu ni vigumu kupata nyumba isiyomjua mtu aliyekuwemo, na bado sikuwaza.

Niliomba radhi, na yeye naye akaniambia neno ambalo sijalisahau: kwamba alitamani kunizuia lakini hakujua kama anaruhusiwa kukatiza. Hapo ndipo nilipoona kwamba wajibu wa mchezaji kusema hauwezi kudaiwa kama msimamizi hajamfungulia mlango. Tangu siku hiyo tunaweka katikati ya mkeka kipande cha karatasi ngumu chenye alama ya X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos. Yeyote anayekigusa, tukio linalosimuliwa huachwa au hubadilishwa, na haulizwi sababu. Kimeguswa mara mbili tu kwa muda wote huu. Mara moja aliyekigusa alikuwa mchezaji aliyemwona mwenzake amebadilika uso, na nafikiri hiyo ndiyo mara iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu kazi ya kutazama nyuso za watu haikuwa tena yangu peke yangu.

Mdau wa Likoni

Nimerudi. Nimesoma maneno ya mzee na ya huyu wa Mtongwe kivukoni asubuhi, na nimelazimika kuyafikiri upya niliyoyasema. Bado naamini kwamba mchezaji aliyechoka asidharauliwe. Lakini nimekumbuka jambo dogo la aibu: kila mhusika wangu anapotaka kutumia uganga wake, mimi humuuliza msimamizi unafanyaje kazi. Miaka miwili sasa. Yeye hufungua kitabu, husoma, hunieleza, na wenzangu husubiri. Udhuru wangu ulikuwa kwamba vitabu ni ghali, na kweli ni ghali.

Mdau wa Tudor

Kakangu, udhuru huo una dawa. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile za toleo la tano, zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuzipakua bila malipo na kuchapisha kurasa zinazomhusu mhusika wako tu, bila kuvunja sheria. Kurasa tatu au nne za uganga wako zinatosha. Zibandike nyuma ya karatasi ya mhusika.

Mleta mada (Kibokoni)

Shikamoo mzee wangu wa Mji wa Kale. Maneno yako kuhusu lile la kuulizwa muuaji yamenizuia nisifanye kosa, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuwauliza wachezaji jahazi lile ni la nani. Sitawauliza. Linabaki langu, na nimeshaandika limebeba nini, nikakunja karatasi nikaitia ndani ya kopo la kahawa ambalo litakaa mbele ya macho yao. Wakifika hapo tutaifungua pamoja, nao watajua kwamba sikubadilisha kitu.

Ndugu wa Mtongwe, pole sana, na asante. Hadithi yetu imejaa bahari, na sikuwahi kuwauliza wenzangu wanne bahari imewachukulia nini. Nitauliza kabla ya kuanza, kila mtu kwa faragha, na karatasi yenye alama ya X itakuwa pale.

Juzi nilimtembelea mkongwe wetu nyumbani kwake, nikamrudishia karatasi yake, nikamwonyesha pale peupe. Sikumlaumu. Nilimwuliza tu kwa nini hajajaza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwanzoni kabisa, kikao cha pili au cha tatu, alinieleza kuwa mhusika wake ana dada mjini, nami nikamjibu "sawa" nikaendelea na simulizi yangu, na dada yule hakutokea tena. Akaona basi, hadithi haimhitaji. Mimi sikumbuki kabisa kuambiwa hivyo, lakini namwamini. Kwa hiyo nilipoandika kwamba nafasi ile tupu sikuiacha mimi, nilisema nisilolijua, na nalifuta mbele yenu. Tulikaa na kalamu moja, akaandika jina la dada, mtaa anaokaa, na kwamba waliachana wakiwa hawasemeshani kwa sababu ya shamba la minazi. Alichukua nusu saa kuamua ni shamba na si mahari.

Jumamosi hii tunarudi kwenye mbinja tatu. Nitasimulia mpaka pale pale, nitauliza "Mnafanya nini?", na nikikutana na kimya nitangoja. Nimejiapiza kungoja hata kahawa ipoe.

Kakangu wa Likoni, kuna nafasi ya mtu wa tano, na kikao tumekisogeza kianze mapema ili atakayevuka asichelewe kurudi. Uganga hatunao katika hadithi hii, kwa hiyo kurasa za kuchapisha ni mbili tu. Usiandike ukoo. Njoo na jibu la swali moja: mhusika wako yumo ndani ya ngome kwa hiari yake, au lango lilifungwa akiwa amekuja kudai deni?

Mdau wa Likoni

Deni. Na anayemdai ndiye nahodha wa zamu usiku ule. Nitaandika ni deni la nini nikiwa kwenye feri.